Mvua imeishia kwenye shamba la aliyemdhulumu mama, hapa haki ya Mungu naielewaje?

Dogo wa Ipagala

Wakuu habari za Jumapili. Naomba msinirushie mawe, mi ni mkristo wa kuzaliwa, siulizi kwa kejeli, nauliza kwa sababu hili jambo linanikosesha raha toka mwezi wa pili.

Mi nipo Dodoma mjini naendesha bajaji, nyumbani ni kijijini Chamwino. Mama ni mjane, analima uwele na karanga kidogo, ekari tatu alizoachiwa na baba. Jirani yake wa upande wa juu, tena wanasali kanisa moja, miaka mitatu nyuma aliamka usiku akang'oa minyaa ya mpaka akaisogeza ndani ya shamba la mama. Nilipima kwa miguu, hatua kumi na tano. Mama akasema namwachia Mungu, akanyamaza.

Sasa msimu huu mvua zilianza vizuri tu Desemba, Februari zikakata, jua likapiga wiki tatu na siku kadhaa, uwele ukaanza kujikunja majani. Nikaenda kumsalimia mama, siku hiyo mchana wingu likaja zito kabisa, harufu ya udongo tunaisikia, mama akaanza kutoa ndoo nje akinge maji. Wakuu mvua ilinyesha kwa yule bwana mpaka maji yanatiririka kwenye njia, kwetu yakadondoka matone ya kuhesabu, ikaishia hapo hapo. Ni kama mtu kachora mstari, na mstari wenyewe kaufuata ule mpaka wa wizi!! Mama akaziingiza ndoo ndani moja moja. Hakusema kitu. Leo uwele wa jirani una masuke kama mkono wangu, wa mama ndo ule wa kuwapa ng'ombe, na kilichobaki wamekuja kumalizia kweleakwelea.

Nikamfuata mhubiri mmoja nikamweleza, akanisomea Warumi 9, "wewe u nani umjibuye Mungu", akasema Mungu ni mfinyanzi sisi udongo, nisihoji.

Sawa sihoji. Ila kichwa hakikubali kunyamaza. Kama yeye ndo mtawala wa vyote basi ile mvua aliipeleka yeye. Kama ana haki, mbona ampelekee mwizi? Na kama ana rehema, mjane wake kamsahau vipi na wakati Biblia nzima anasema anawatetea wajane? Naona kati ya hivyo vitatu kimoja lazima kipungue. Nisaidieni.

Msomaji wa Warumi

Mkuu pole, ila mhubiri hajakosea andiko. Mi nasoma chuo cha Biblia na hili swali tumelijadili mpaka watu wakanuniana. Paulo anaposema Mungu humrehemu amtakaye ananukuu Kutoka 33:19, "nitamrehemu yeye nitakayemrehemu". Sasa angalia yale maneno yalisemwa lini. Ni baada tu ya ndama ya dhahabu, taifa zima limeshaharibu, kwa haki tupu wote walistahili kufutwa. Kwa hiyo pale Mungu hajisifii ubabe kwamba nafanya ninavyotaka mtanifanya nini. Anasema msamaha hauna anayeudai. Ukianza kuidai rehema imeshakuwa mshahara.

Hata Farao, watu wanakimbilia ule mstari wa Mungu kuufanya moyo wake mgumu, Kutoka 9:12, wanaruka sura ya 8 ambako Farao mwenyewe ndo anaufanya mgumu kila akipata nafuu, chura wakiondoka tu anabadilika.

Wakristo wenyewe walishaligombania hili. Kule Uholanzi walikaa sinodi ya Dort, yaani mkutano mkuu wa kanisa, 1618 mpaka 1619 kujibu wafuasi wa Arminius, ambaye yeye alishakufa 1609, na mpaka leo wa Calvin wanavuta huku, kwamba Mungu ndo anaamua yote, na wa Wesley wanavuta kule kama Arminius, kwamba mtu naye ana hiari. Mi nipo upande wa enzi kuu ya Mungu. Hakuna tone linalodondoka bila yeye. Mama yako hakuwa anamdai Mungu mvua, jirani naye hakuwa anamdai mvua, wote wangekosa bado Mungu angekuwa mwenye haki.

Mama Jumuiya

Bwana asifiwe. We kijana wa Warumi, umesoma, hongera. Ila mwenzio kaleta uwele wa mama yake uliokauka, wewe unamletea Uholanzi.

Mwanangu wa bajaji pole sana, na mpe mama pole yangu. Hapo kwenye zile ndoo nimejikuta nalia, maana mimi pia ni mjane na ninazo ndoo.

Lipo andiko linasema kabisa habari ya mvua ya hivyo, Amosi 4:7, Mungu anasema alinyesha mji mmoja akauzuia mwingine, sehemu moja ikapata mvua na isiyonyeshewa ikakatika. Ukisoma utadhani Amosi alikuwa anakaa huku kwetu. Watu wakishaupata huo mstari wanamgeukia aliyekosa mvua, eti tubu una dhambi. Hebu rudi nyuma mistari sita tu uone Amosi anaongea na nani. Anaongea na wanaowaonea maskini na kuwaponda wahitaji! Hayo maneno anastahili kusomewa mhamisha mpaka, na mvua kapata yeye. Kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba unaweza kutazama shamba la mtu ukajua Mungu anamwonaje.

Na Yesu mwenyewe Mathayo 5:45 kasema Baba huwanyeshea mvua wenye haki na wasio haki. Pale alikuwa anafundisha kumpenda adui. Kwa hiyo huyo jirani kunyeshewa sio cheti cha tabia njema. Kapewa tu, kama anavyopewa pumzi.

Jombi la Kizota

Jamani mnazungushana bure. Mvua za Dodoma ni za vipande vipande, wingu la joto linapanda linamwaga lilipo linaisha. Mi nimewahi kuloa nikiwa Kizota, kufika Nkuhungu hapo jirani tu vumbi. Hakuna aliyechora mstari. Mama anunue mbegu ya muda mfupi, apande mtama kidogo pembeni, maisha yaendelee.

Dogo wa Ipagala

@Jombi la Kizota mkuu hilo la mawingu najua, shule nilifika. Ila ukishaamini kuna mwenye wingu, kujua wingu linavyofanya kazi hakuondoi swali, kunalisogeza nyuma tu hatua moja.

@Mama Jumuiya asante sana mama. Nimekuelewa kwamba mvua sio hukumu. Lakini sasa hukumu ni nini na iko wapi? Kama huku chini mwizi anavuna na mjane anaingiza ndoo ndani, haki yenyewe inafanyika saa ngapi?

Mkulima wa Saa Kumi na Moja

Mi nalima zabibu Hombolo, naomba nijibu kwa lugha ya shambani maana theolojia sina.

Ule mfano wa Mathayo 20 wa shamba la mizabibu huwa nausoma nacheka. Tajiri anachukua vibarua alfajiri, anaongeza saa tatu, saa sita, saa tisa, mpaka saa kumi na moja, jua linazama, bado anachukua watu, na jioni anawalipa wote sawa. Na kwetu waswahili hatuhitaji hata mtu atufafanulie, saa za kwenye Biblia ni hizi hizi zetu. Saa kumi na moja kweli ni saa ya kukunja jamvi. Sasa hapa Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, na zabibu ikishaiva haina subira, kwa hiyo nimewahi kuwa huyo tajiri. Kuna mwaka mama mmoja alifika saa nane, mtoto wake alikuwa na homa alimpeleka kituo cha afya, nikampa hela sawa na wa asubuhi. Weee! Vibarua walininunia wiki nzima. Mmoja akaniambia bosi hujatuibia ila umetudharau. Hilo neno sijalisahau, kwa sababu ndo hasa lililomo kwenye ule mfano. Hakuna aliyepunjwa. Kinachouma ni mwenzio kupewa.

Sasa wahubiri wengi wangechukua huo mfano wakakuambia dogo, jicho lako ni ovu, unamwonea wivu jirani kwa sababu Mungu ni mwema. Mi nasema hapana, huo mfano haukuhusu wewe. Wa alfajiri alipewa dinari yake kamili waliyopatana. Mama yako dinari yake iko wapi? Hatua kumi na tano zimeibiwa na suke hakuna. Yule tajiri ana uhuru wa kuwa mkarimu kwa sababu kwanza kamlipa kila mtu haki yake, hakuchukua ya huyu akampa yule. Kwa hiyo mtu akitumia mamlaka ya Mungu kukufunga mdomo mwambie asome tena, Mungu wa Mathayo 20 hesabu zake zimenyooka kabla hajaanza kugawa zawadi.

Haki ya mama yako inafanyika saa ngapi, sijui. Kwenye huo mfano malipo ni jioni.

Mzee wa Mpwapwa

Mbukwenyi. Nimestaafu ualimu, macho hayaoni vizuri na simu ni ya mjukuu, mtanisamehe nikikosea kuandika.

Babu yangu alikuwa anatuhadithia Mtunya, ile njaa kubwa ya Ugogo iliyokuja wakati wa vita vya kwanza vya dunia na baada yake. Kwenye simulizi za kanisani nilizokua nazisikia ilikuwa ni adhabu, kwamba Mungu aliwaadhibu Wagogo kwa sababu ya matambiko na yale mawe ya kuitia mvua ya watemi. Nilipokua mkubwa nikasoma, nikakuta kabla mvua haijakata majeshi ya Wajerumani yalishapita yakabeba ng'ombe na nafaka, yakaja ya Waingereza nayo yakabeba, na vijana wakachukuliwa wapagazi. Watu wakakutwa na ukame ghala likiwa tupu na waliobaki kulima ni wazee. Sasa niambieni, hapo cha Mungu ni kipi na cha binadamu ni kipi? Sisemi Mungu hakuwepo. Nasema tuna tabia ya kumpelekea Mungu hesabu ambayo nusu yake ni deni la watu.

Jambo la pili. Mwaka 2002 mwezi Juni treni ya abiria ilirudi nyuma ikagonga ya mizigo pale Igandu, watu 281 wakafa. Nilikuwa bado nafundisha. Wiki ile tulikuwa na ibada, akasimama muumini aliyenusurika akashuhudia Mungu amenichagua, watu wakapiga vigelegele, na mimi nikageuka nikaona benchi la nyuma kuna baba kapoteza mke na watoto wawili kwenye behewa. Aliinama tu. Tangu siku ile nikianza kutoa ushuhuda huwa natazama kwanza benchi la nyuma. Yesu aliulizwa habari kama hizo, Luka 13, akataja wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akauliza mnadhani walikuwa wakosaji kuliko wote waliokaa Yerusalemu? Akajibu mwenyewe, sivyo. Halafu hakusema sababu. Nimefundisha Biblia darasani miaka mingi, na naona alivyoacha kuitaja sababu ni kwa makusudi, tungeipata tungeanza kupimana nayo.

Na habari ya kutohoji, mjukuu wangu, nani kakuambia? Ibrahimu alimwambia Mungu uso kwa uso, Mhukumu ulimwengu wote asitende haki? Akapatana naye bei ya kuisamehe Sodoma, wenye haki kutoka hamsini mpaka kumi. Habakuki kaanza kitabu chake kwa kulalamika, nilie hata lini wewe usitake kusikia. Hawa hawakuwa na shaka kwamba Mungu anatawala. Ndio maana walimpelekea yeye malalamiko. Mtu asiyetawala unamlalamikia ya nini?

Msomaji wa Warumi

Shikamoo mzee. Nimekubali. Mama Jumuiya naomba radhi, nilijibu kama nipo kwenye mtihani.

Naomba niongeze moja tu alafu nikae kimya. Tukiwa tunabishana Warumi 9 darasani tunaikata pale kwenye mfinyanzi. Ila Paulo sura hiyo ameianza akiwa na huzuni nyingi na maumivu yasiyokoma moyoni kwa ajili ya ndugu zake, anasema afadhali yeye mwenyewe aharimishwe, yaani atengwe na Kristo. Kwa hiyo aliyeandika "wewe u nani" alikuwa mwenyewe ana machozi. Na anaimaliza hoja sura ya 11, kwamba Mungu amewafunga wote katika kuasi ili awarehemu wote. Msimamo wangu sijabadilisha, tone halidondoki bila yeye. Ila nimeona andiko hilo hilo linaweza likasomwa kwa sauti mbili.

Dada wa Makole

Mmemfundisha vizuri kiroho, sasa mi niulize la duniani. Hiyo minyaa kuna mtu yeyote alienda kuangalia? Mama alipeleka popote?

Mana "namwachia Mungu" naiheshimu sana lakini kuna wakati tunaitumia kumaanisha namwogopa jirani. Kumbukumbu la Torati 27:17 inasema na alaaniwe aondoaye mpaka wa jirani yake, na watu wote waseme Amina. WATU WOTE. Yaani jamii nzima ilitakiwa isimame iseme. Na sheria yetu ya ardhi ya vijiji ya 1999 imeweka baraza la ardhi la kijiji kwa ajili ya usuluhishi wa mambo kama haya, wajumbe 7 na kati yao wasiopungua 3 ni wanawake. Aanzie hapo. Atafute majirani wa zamani wanaoujua mpaka, visiki vya minyaa vya mwanzo kama vipo apige picha. Na msiseme tutaenda tu siku moja, madai ya kurudishiwa ardhi yana ukomo, miaka 12.

Mtu asije na ile ya 1 Wakorintho 6 kwamba wapendwa hawashtakiani. Paulo pale anasema afadhali kudhulumiwa, kweli, lakini mistari miwili tu kabla ya hapo anawauliza hamna hata mmoja kati yenu mwenye hekima wa kuamua? Wazee wa kanisa wa kijijini kwenu walikuwa wapi miaka mitatu, na wote wawili wanakaa nao benchi moja?

Mama Jumuiya

Amina dada. Na nikumbushe, Yesu alipotaka kutufundisha kuomba bila kukata tamaa, Luka 18, alitupa mfano wa nani? Mjane. Tena sio mjane aliyenyamaza nyumbani, ni mjane aliyemwendea kadhi dhalimu kila siku anasema nipatie haki na adui wangu, mpaka kadhi akachoka. Kumwachia Mungu kwake kulikuwa na miguu.

Dogo wa Ipagala

Nimerudi wakuu, samahani nilikuwa kimya siku nne, bajaji iliharibika.

Nimeongea na mama. Nikamsomea kwa simu mliyoandika, ile ya mjane wa Luka 18 akacheka akasema huyo mama Jumuiya ananijua nini. Kumbe alikuwa anaogopa mimi ndo nitaenda na panga. Amekubali. Mwenyekiti wa kijiji kasema baraza litakaa Alhamisi, na mzee mmoja aliyepanda ile minyaa pamoja na baba bado yupo hai, kasema atakuja hata kwa kubebwa. Kanisani bado hatujaenda, mama kasema kwanza ataongea na mke wa jirani kisimani, wanawake wana njia zao.

@Mzee wa Mpwapwa shikamoo babu. Lile benchi la nyuma limenikaa kichwani. Swali langu la vitu vitatu bado ninalo ila silibebi tena kama nimeibiwa, juzi usiku nimeomba nikalalamika waziwazi kama Habakuki, nikalala vizuri, cha ajabu.

Sasa jana mama kanitumia meseji, kaandika kwa shida maana hazoei, anauliza: "akirudisha hatua zetu zote 15 na akaomba msamaha mbele ya watu utafurahi au bado utataka mvua yake ikauke". Nimeisoma nikiwa kwenye foleni ya abiria pale stendi, abiria akaja nikamkataa.

Sijamjibu mpaka sasa. Kwa kweli jibu linalokuja haraka ni lile la pili.

Mzee wa Mpwapwa

Marahaba. Soma Yona sura ya 4 kabla ya Alhamisi, pale anapokasirika kwa sababu Mungu kawasamehe watu wa Ninawi. Ni fupi, na mwishoni Mungu anauliza swali, Yona naye hatuambiwi alijibu nini.